Vidole Vitatu Pungufu

Siku aliyokatwa mguu kaka yangu, nilikuwa karakana kwangu, Moshi mjini, nachonga mpini wa shoka. Shemeji alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akilia, akasema wameukata chini ya goti, sukari imeshautafuna. Nikasema pole sana shemeji, Mungu yupo, nikarudisha simu mfukoni na kuendelea na mpini. Ulitoka laini kuliko mipini yote ya wiki ile. Nayasema haya mapema ili usije ukanionea huruma huko mbele, maana sistahili.

Tulizaliwa wanaume watatu, Uru, kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa shamba, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na wa kati hupewa baraka. Mimi ndiye wa kati. Baraka nilipewa nyingi, kwa Kichaga na kwa Kiswahili, na mpaka mzee anafukiwa zilikuwa hazijaniotea hata mgomba mmoja. Mdogo wetu alichukua funguo za nyumba, akahamia Mwanza. Kaka alichukua shamba na kubaki ofisini kwake Dar, akawa anakuja mara moja kwa mwaka kulitazama. Mimi nikabaki na mikono. Nikapanga kibanda mjini, nikawa fundi wa kuchonga: mipini ya majembe na mashoka, miiko, miguu ya viti, chochote chenye mviringo.

Kila Desemba ukoo mzima unapanda kurudi nyumbani. Kesho yake baada ya Krismasi wanachinjwa mbuzi, vijana wanachuna, na nyama inatandazwa uani juu ya majani ya migomba. Mwenye kugawa ni mkubwa wa nyumba. Anagawa amesimama, kila mtu anaitwa kwa nafasi yake na kupewa fungu lake, na kidari, nyama ya kifuani, ndiyo ya heshima kuliko zote. Hakuna aliyeandika popote kwamba lazima asimame, lakini hebu jaribu kugawa umekaa uone mashangazi watakavyokutazama. Mwaka ule baba aliposhindwa kunyanyuka kitandani, kisu kilikwenda kwa kaka asubuhi ileile, baba angali hai, anasikia kila kitu dirishani. Asiyeweza kusimama anampisha anayefuata. Na baada ya kaka, aliyefuata nilikuwa mimi.

Nilikitaka kile kisu, sikufichi. Miaka yote, zamu yangu ikifika, kaka alikuwa anatulia kwanza, anajikuna kidevu kwa mpini wa kisu, halafu anauliza ukoo mzima: "Na huyu bwana mipini, jamani, tumpe nini?" Watu wanakufa kwa kicheko. Siku moja nilimwona hata mke wangu anacheka, akaziba mdomo kwa kanga. Niliwahi kumchongea kaka kigoda cha mringaringa, cha gogo moja, kazi ya wiki mbili. Akakigeuza juu chini, akakitazama, akasema, "Kwa hiyo dukani havikuwepo?" Desemba iliyofuata nilikikuta kwenye banda la kuku, kimejaa mavi. Sikusema neno. Mimi nikipiga kelele ujue sijakasirika bado. Nikinyamaza, hapo ndipo mambo yameharibika.

Basi, kazi ikamshinda, mdogo wetu akatoa funguo za nyumba, wakamrudisha Uru mwezi wa kumi, mguu mmoja na magongo mawili ya hospitali. Magongo yale yalikuwa ya bomba jepesi na raba chini. Wodini yanafaa sana. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na udongo wetu ukilowa kwenye ule mteremko hata mwenye miguu miwili anatembea akishikilia migomba. Wiki ya kwanza alianguka mara tatu. Akaniita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Unaziona takataka hizi?" Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, magongo kayatupa uani kwa hasira. "Nataka gongo moja tu. La mti, la kwapani, chini liwe na chuma cha kuuma udongo. Nilibane mkono wa kushoto, wa kulia ubaki huru."

"Wa kulia wa nini, kaka?"

Akanitazama. "Unajua wa nini. Au umeshaanza kukinoa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaona anatazama pale uani nyama inapotandazwa, nikaelewa kwamba huyu mtu anaogopa. Hakuwa anaogopa sukari wala kufa, alikuwa anaogopa siku moja ya Desemba. Furaha niliyoipata pale, aisee, sijawahi kuipeleka kwenye kitubio na sitaipeleka.

"Na usiniletee mambo yako ya mipini," akaongeza. "Mimi sio jembe."

Jikoni, kwenye uchaga juu ya mafiga, kulikuwa na fimbo nene za mibuni ya mzee, zilizokatwa miaka mingi nyuma, zimekauka kwa moshi mpaka zinalia ukizigonga. Mti wa kahawa ni mgumu, mweupe kama siagi ndani, na haupasuki ovyo. Mbili zilikuwa zimenyooka na nene kiasi cha kutosha. Nikashusha moja, nyingine nikaiacha palepale.

Futi nilikuwa nimeisahau mjini. Loo, alivyofurahi! "Fundi hana futi! Mama watoto, hebu njoo umwone fundi asiye na futi!" Nikaenda kwenye mgomba wa karibu, nikachana utepe mrefu wa ganda lake, mbichi, unachuruzika maji. Nikamsimamisha akiwa ameshika nguzo ya baraza, nikampima kutoka kwapani mpaka chini ya kisigino cha kiatu, nikafunga fundo juu na fundo chini. Kwetu tunafunga na kupima kila kitu kwa kamba ya mgomba, na kila mtu anajua kwamba mbichi haipimi kitu, kwa sababu ikikauka inajisokota na kujivuta. Mimi mwenyewe nilijua tangu utoto. Ila nilikuwa na hasira, na nikachana kilichokuwa karibu.

Gongo la kwapani likiwa la bomba mtu analipinda tu. La mti lina tabu zake. Fimbo yenyewe si kazi, kazi iko kichwani, pale linapokaa kwapa. Panatakiwa pachimbike kama mwezi mchanga, halafu pawe laini kiasi kwamba ngozi isikwaruzwe hata mtu akilala juu yake siku nzima. Randa ya kawaida, ile ndefu ya kunyooshea mbao, haiingii humo. Patasi inaacha makovu. Kinachotakiwa ni randa ndogo ya mikono miwili: kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, ulimi mfupi wa kukatia katikati, na mshikio kila upande. Unaishika kwa mikono yote, vidole gumba nyuma ya ulimi, unaisukuma au unaivuta, inanyoa mti. Mafundi wengi wa mjini hawana, wananyoa kwa kipande cha chupa na wanajiita mafundi.

Mimi nilikuwa nayo moja, yenye tumbo bapa. Hiyo ni ya mahali panapovimba, mgongo wa mpini au mguu wa kiti. Ukiiingiza kwenye shimo inakaa juu ya kingo mbili, ulimi unabaki hewani, unanyoa upepo. Nilihitaji yenye tumbo la mviringo. Nikaenda kwa mzee mmoja anayetandaza vyuma vya mitumba kwenye turubai. Alikuwa nazo tatu, kazichanganya na vipuri vya baiskeli.

"Usukani wa baiskeli ya mtoto huo," akaniambia.

"Mtoto wa nani, wa panya?"

Akanuna. Nikamwacha anune, nikachuchumaa.

Ya kwanza ilikuwa na mshikio uliowahi kuvunjika ukachomelewa. Chuma cha kusubu kikichomelewa hakiponi, siku moja utaegemea kwa nguvu kitakatika, na ulimi utakuingia kiganjani. Nikaiweka chini. Ya pili ilikuwa imepakwa rangi mpya ya bluu, inapendeza kweli. Chuma cha zamani chenye rangi mpya kina jambo. Nikaikwangua tumbo kwa ukucha, nikakuta kutu imekula vishimo chini ya rangi, na tumbo lenye vishimo linaukwaruza mti badala ya kuteleza juu yake. Ya tatu ilikuwa mbaya, nyeusi, imejaa grisi kavu, lakini ilikuwa na tumbo la mviringo. Nikaielekeza juani nikachungulia mdomo wake, ule upenyo mbele ya ulimi. Ulikuwa mwembamba na sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Mdomo ukiwa mpana mti unararuka kabla haujakatwa. Nikazungusha skrubu mbili za kupandisha na kushusha ulimi, zikazunguka kwa vidole bila koleo. Nikautoa ulimi, nikaupima kwa kidole. Randa nyingi za mitumba ulimi wake umeshanolewa mpaka umebaki kipande tu, lakini huu ulikuwa bado una miaka. Nikamlipa mzee alichotaka, nikamwachia usukani wake wa panya.

Kuunoa kulinichukua asubuhi nzima. Ulimi mfupi namna ile huushiki juu ya jiwe kwa vidole vitupu, utajichinja. Nilikata mwanya kwenye kipande cha mbao nikauchomeka humo kama sega kwenye nywele, ndipo nikapata pa kushika, nikaunoa mpaka ukanyoa nywele za mkono wangu.

Sasa kuitumia. Randa ya tumbo la mviringo ina kiburi. Ya bapa inakaa yenyewe, hii inayumba mbele na nyuma, na kifundo cha mkono ndicho kinachoamua ikate au isikate. Ukiiinamisha sana inang'ata, inatetema, inakuachia mawimbi juu ya mti. Ukiiinua sana inateleza bure. Na siku zote unashuka. Unaanza kwenye ukingo unashuka bondeni ukifuata nyuzi za mti, ukifika chini unasimama, unaligeuza gongo na kushuka kutoka upande wa pili. Atakayejaribu kuipandisha kutoka bondeni atazinyanyua nyuzi na kuurarua mti wote. Ulimi unautoa kidogo kabisa, maganda yatoke membamba kama ya kitunguu. Siku ya kwanza nilitoa mawimbi matupu, nikatukana mpaka mama lishe wa jirani akafunga dirisha. Siku ya tatu mkono ulikubali. Ule mlio, msiuu, msiuu, ukishausikia unajua ulimi unakula vizuri, na mtu unasahau hata chakula.

Gongo lilipokaribia kuisha nililijaribu mwenyewe. Mimi na kaka urefu wetu ni mmoja, tukiwa vijana watu walikuwa wakituchanganya kwa nyuma. Nikakunja mguu wa kushoto, nikalibana kwapani, nikajiegemeza. Nikashuka. Nikadhani sijalishika vizuri, nikajaribu tena, nikashuka tena, bega la kushoto chini, kiuno kimepinda. Nikaenda kuitazama ile kamba ya mgomba niliyoitundika msumarini wiki nzima kabla ya kukata. Ilikuwa imekauka, imejisokota yote. Nikachukua futi sasa, nikajipima. Gongo lilikuwa limepungua vidole vitatu.

Aibu ilinishika kwanza. Fundi mzima, na kosa la mtoto! Kisha nikajiona kwenye kioo cha kabati la mteja lililokuwa limesimama pale mbele yangu. Mtu ameinama upande, shingo ameinyoosha mbele, anatazama watu kwa chini kama anayeomba. Nilikitazama kile kioo kwa muda mrefu. Nilikuwa simwoni mtu mwingine ila kaka.

Zilibaki wiki mbili kufika Krismasi. Fimbo ya pili ilikuwa bado juu ya mafiga, na mkono wangu ulikuwa umeshaizoea kazi, siku nne zingetosha kabisa. Nilijua yote hayo. Nikachukua ile kamba nikaitupa kwenye maganda ya kuwashia moto, nikakaa, nikashika randa, nikaendelea kulainisha. Nililainisha siku zile zote zilizobaki. Sijawahi na sitawahi kutengeneza kitu kizuri kama lile gongo. Kichwa chake ukikipitishia kidole hukutani na kitu, mshikio umejaa kiganja, fimbo imepungua kidogokidogo kuelekea chini mpaka kwenye pete ya chuma na msumari wake. Nilifanya vile makusudi. Kitu kikiwa kizuri kiasi kile hakuna anayefikiria kukipima.

Nikampelekea siku mbili kabla ya sikukuu. Alilipokea, akaliweka mapajani, akapitisha mkono kwenye kichwa cha gongo, polepole, akarudia. Nilisubiri aseme neno lake la dharau. Hakusema. Akasimama nalo, akapiga hatua uani kwenye tope, na ule msumari ukauma udongo vizuri kabisa. Hakuteleza. Lakini aliinama upande wa kushoto kama nilivyojua atainama, na shemeji, aliyekuwa mlangoni na ungo wa mchele, akakunja uso.

"Shemeji, mbona kama fupi?"

"Ndivyo linavyotakiwa," nikamjibu bila kupepesa. "La mti si kama la hospitali. Likiwa refu linakata mishipa ya kwapa, mkono unakufa ganzi. Atalizoea."

"Lakini amepinda..."

"Mwache," kaka akamkatiza. "Kwani wewe ni fundi? Yeye ndiye fundi."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kusikia neno lile mdomoni mwake bila kicheko nyuma yake. Ningeweza kusema pale. Ningesema tu, kaka, kamba ilikuwa mbichi, nipe nilirefushe. Nilikunywa chai ya shemeji nikashuka mjini.

Siku yenyewe ilikuja na jua baada ya mvua. Ukoo ulijaa uani, mashangazi mbele kwenye viti, wanaume na vikombe vya pombe ya mbege, watoto juu ya ukuta. Kaka alivaa suti. Mguu wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alitoka mlangoni na gongo kushoto na kisu kulia, na watu walipiga makofi, wakafanya vigelegele, shangazi mkubwa akalia. Na mimi nilipiga makofi.

Alianza vizuri. Alimaliza mbuzi wa kwanza, anakata, anaita, anatania, akaanza hata kuwa mkali kama zamani. Lakini nilikuwa nimesimama kando yake nikamwona shingoni jasho linavyotiririka. Mtu aliyepinda namna ile anabeba mwili wake wote kwa nyama za ubavu. Pale chini palikuwa pamelowa damu na maji ya kuoshea utumbo. Mbuzi wa pili alikuwa amelazwa mbali kidogo, na ili amfikie ilibidi aegemee zaidi upande uleule aliokuwa ameshainama. Akaegemea. Msumari ukazama, bega likashuka, na kaka akaenda nalo.

Aliangukia nyama. Alianguka uso kwanza, na kile kigutu cha mguu kikagonga jiwe la kunolea visu. Alitoa mlio ambao sikujua kama mtu mzima anao. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi papo hapo. Kaka alijaribu kunyanyuka, mkono ukateleza kwenye mafuta, akalala tena, na kila mtu akageuza uso kutazama migomba. Mimi sikugeuza. Nilimtazama mpaka mwisho.

Wanaume wawili wakamkalisha kwenye kiti, wakamfuta damu ya mbuzi kidevuni kwa taulo la jikoni. Shangazi mkubwa akainama, akakiokota kisu kwenye majani, akakifuta kwa kanga yake. Hakumwuliza kaka kitu. Hakumtazama hata. Akaja moja kwa moja mbele yangu.

"Baba, shika," akaniambia.

Nikashika. Mpini wake ulikuwa bado una joto la mkono wa kaka. Nikasimama juu ya majani kwa miguu yangu miwili, nikamwita shangazi wa kwanza, nikampa fungu lake, nikamwita wa pili. Sauti yangu ilitoka vizuri, watu wakasogea karibu, mbege ikaanza kuzunguka tena, na baada ya muda mfupi ungedhani ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Nilikuwa nafurahi. Kama kuna mtu anasubiri niseme nilijuta palepale, atasubiri sana.

Ndipo kaka akaongea kutoka kwenye kiti chake. Hakuongea kwa nguvu, lakini watu walinyamaza.

"Msije mkamlaumu fundi," akasema. "Gongo halina kosa. Litazameni."

Akaliinua. Likapokelewa, likaanza kupita mkono kwa mkono, wazee wakilipapasa kichwa na kuguna kwa kushangaa. Mmoja akauliza ni msasa gani. Kaka akamjibu yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejivunia mtoto wake: "Hakuna msasa hapo. Ni randa tupu. Na ni mti wa kahawa ya mzee." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Huyu mdogo wangu ana mikono ambayo sisi wengine hatukupewa. Kwa miaka mingi nimemfanyia mzaha. Aliniambia nitalizoea, mimi ndiye nilifanya haraka. Kosa ni langu."

Watu wakasema, ni kweli, ni kweli. Mke wangu alikuwa analia. Nilisimama na kisu mkononi, na maneno niliyoyataka tangu niko na suruali fupi yalikuwa yamesemwa yote, mbele ya watu wote, hakuna hata moja lililobaki. Sikujua nitazame wapi, nikatazama nyama. Nikakata kidari, nikampelekea mwenyewe kwenye sahani. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mdogo wangu." Nikarudi kwenye majani kuwamalizia wengine.

Sasa nimegawa Desemba tatu. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kaka kusimama. Gongo analo hadi leo, analipaka mafuta ya nazi kila Jumamosi, hataki mtu mwingine alishike. Amelizoea kweli. Bega la kushoto limeshuka, la kulia limepanda karibu na sikio, mgongo umepinda katikati, na hata akiwa amelala, shemeji anasema, analala vilevile. Watu wanasema ni sukari. Kipande cha mti cha vidole vitatu, gundi, na skrubu mbili ni kazi ya robo saa. Lakini kaka si mjinga. Nikilirefusha atasimama wima siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo atajua. Najua pia kwamba kwetu ukimpelekea mtu jani la isale hawezi kukataa kukusamehe. Masale yapo, yamepandwa mpakani pote, nayapita kila nikienda. Huwa nayapita.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alinisimamisha nje ya kanisa. Alikuwa anahema kwa ule mlima, ananitazama kwa chini kwa sababu hawezi tena kunitazama vingine. Akaniambia lile gongo limeanza kuchoka pale kwenye pete, na kwamba juu ya mafiga imebaki fimbo moja ya mzee, iliyonyooka. Akaomba nimchongee jingine.

"Ila kipimo usibadilishe," akasema, akanishika mkono. "Mwili umeshalizoea hili. Liwe hivihivi."

"Sawa, kaka," nikamwambia.

Nimeshalikata.